Banda la Tandika: picha inachelewa, ubishi unawahi

Nianze na kiingilio cha banda hili la kutazamia mpira, maana ndicho kila mtu anachouliza kwanza. Siku za kawaida ni jero, mia tano. Yanga au Simba wakicheza ligi ni buku, elfu moja. Ijumaa ya tarehe 5 Aprili 2024, Yanga wakiwa Pretoria kurudiana na Mamelodi Sundowns, mwenye banda alikaa mlangoni na kijikaratasi kimeandikwa 1,500 kwa peni nyekundu, na hakuna aliyebishana naye zaidi ya dakika moja, kwa sababu manyunyu yalishaanza na nyuma watu wanasukuma. Nikampa noti ya elfu mbili. Akachungulia kopo lake, akatingisha kichwa. "Chenji baadaye, mama dagaa. Wewe si wa hapahapa?" Nikaingia. Hiyo jero nitairudia.

Banda lenyewe halina jina. Ukiwauliza watu wa sokoni Tandika, hapa Dar, watakwambia "kwa mzee, ng'ambo ya mtaro", na kweli unavuka mtaro kwa ubao mmoja unaoteleza mvua ikinyesha. Ni banda umiza kama mengine: mabati juu, mabati pembeni, sakafu ya mchanga, mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo, mapangaboi mawili ambayo moja huzunguka likijisikia. Runinga ni mpya na kubwa, hapo nampa sifa zake. Ile ya mwaka jana ilikuwa na mstari wa kijani upande wa kulia, winga akifika pale unamwona nusu. Kuna nguzo mbili za mti katikati. Ukikaa benchi la nne au la tano upande wa mlango, nguzo inakumezea goli moja zima. Mimi nakaa la tatu, ubavuni mwa ukuta, ambapo mgongo unapata pa kuegemea. Fika saa nzima kabla ya mpira utalipata. Benchi la mbele waachieni watoto, shingo zao bado changa.

Wanawake tunaingia wachache, siku nyingine niko peke yangu. Sijawahi kuguswa wala kutukanwa pale, na hilo nalisema wazi kwa sababu kuna dada wananiuliza kila siku sokoni. Mzee mwenye banda ana fimbo ya mpera anayoiweka juu ya spika na kila mtu anajua ni ya nini. Lakini choo hakuna. Wanaume wanajua wanakokwenda, nyuma ya mabati, na harufu ndiyo shahidi. Cha soko kinafungwa mapema jioni. Kwa hiyo mimi siku ya mechi sinywi maji kuanzia saa kumi na mbili, na katika Ramadhani hilo ni jambo la kusikitisha, umefunga kutwa nzima halafu unafuturu kwa kujibana.

Mtu ataniuliza, kwani kwako huna runinga? Ninayo, na king'amuzi kimelipiwa. Nimejaribu. Desemba 2023, Yanga na Al Ahly uwanjani kwa Mkapa, nilitazama sebuleni na mwanangu amelala kochini. Al Ahly wakatangulia mechi ikiwa ukingoni, na Pacome akasawazisha dakika za nyongeza. Nikapiga ukelele, mtoto akaamka analia, nikaenda kumbembeleza, marudio ya goli sikuyaona. Nikakaa na ile sare peke yangu mpaka saa saba, naandikia watu ujumbe na wamelala. Tangu hapo nalipa buku langu.

Sasa kasoro kubwa ya pale, na ndiyo iliyofanya nikaandika haya: picha inachelewa. Ng'ambo ya pili ya mtaro, kama hatua 40 hivi, kuna banda jingine lenye king'amuzi cha aina nyingine, na wao picha inawahi kwetu kwa sekunde tatu au nne. Ukiwa mgeni hutaelewa. Mpira kwenu uko katikati ya uwanja, mchezaji anarusha, ghafla unasikia ng'ambo wanalipuka. Wote mnageuka kutazamana. Mnajua goli linakuja, hamjui tu linakuja kwa miguu ya nani. Wapo wanaoipenda hali hii, wanasema ni kama kupigiwa simu kabla mgeni hajabisha hodi. Mimi naichukia. Nimeshamwambia mwenye banda mara tatu, na mara zote jibu lake ni kwamba wale wa ng'ambo wanalipia kifurushi ghali na kiingilio chao kitapanda. Hakijapanda mpaka leo, nimekwenda kuulizia.

Turudi Pretoria. Kwa asiyefuatilia: tarehe 30 Machi kwa Mkapa tulitoka 0-0. Robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Yanga na bingwa wa ligi mpya ya Afrika, AFL, aliyelichukua kombe hilo Novemba tu. Usiku huohuo wa marudiano Simba nao walikuwa Cairo kwa Al Ahly, wakiwa nyuma kwa goli moja la mechi ya kwanza. Timu mbili za Tanzania robo fainali kwa pamoja, jambo ambalo lilikuwa halijapata kutokea, kwa hiyo banda lilijaa rangi zote. Pale jezi nyekundu na za kijani wanakaa benchi moja. Ni kanuni ya mzee, hataki upande wa huku na upande wa kule, anasema vita huanzia hapo.

Kabla mpira haujaanza, mzee wa kahawa aliingia na birika lake. Huyu si mfanyakazi wa banda, ni mtu wa kujitegemea, lakini kuandika habari za pale bila yeye ni kuandika habari za pilau bila bizari. Watu ndiyo wanatoka tarawehe, kanzu zimelowa mabegani, tende ziko mifukoni. Anapita katikati ya mabenchi akigonganisha vikombe kwa mkono mmoja, ka-ka-ka, kahawa shilingi mia, kashata mia. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu. Leo mnataka nini?" Kijana mmoja wa bajaji nyuma yangu akadakia: "Sare tu mzee, sare inatosha!"

Mzee akasimama. Akaweka birika chini kwenye mchanga, taratibu, kama mtu anayetaka kusahihisha aya msikitini. "Sare ipi? Sema vizuri. Ukienda ugenini ukatoka moja kwa moja, hiyo sare, na sare unapita. Ukitoka bila kwa bila, hiyo suluhu, na suluhu unakwenda kwenye matuta. Usichanganye maneno, utachanganya dua."

Watu wakacheka, lakini alikuwa amelimaliza jambo lote la usiku ule. Ulaya waliifuta kanuni ya goli la ugenini mwaka 2021. CAF, wakubwa wa soka la Afrika, walikuwa nayo bado. Baada ya 0-0 ya Dar, 1-1 ya Pretoria ingetupeleka nusu fainali, 2-2 pia. Sundowns wao walihitaji ushindi au matuta, yaani penalti. Na sisi Yanga kanuni hii tunaijua kwa kidonda: Mei 28, 2023, fainali ya Kombe la Shirikisho, USM Alger walikuja Dar wakatufunga 2-1. Juni 3 tukawafuata Algiers, tukawafunga 1-0 kwao, jumla 2-2, kombe likabaki kwao kwa sababu ya goli moja zaidi la ugenini. Niliiona mechi ile benchi hilihili la tatu. Kwa hiyo mara hii kila mwenye jezi ya kijani mle ndani alikuwa anasubiri kitu kimoja tu, goli moja, hata la goti.

Kipindi cha kwanza sina mengi. Mvua ilifunguka, na chini ya mabati yale mvua ikifunguka humsikii mtangazaji, humsikii jirani, unaona midomo tu. Mzee mwenye banda alipandisha sauti mpaka spika ikaanza kukoroma, kisha akakata tamaa akaizima. Tukatazama mpira wa bubu. Sundowns wanapiga pasi, wanapiga pasi, sisi tumekaa nyuma, kipa wetu Diarra anapiga kelele ambazo hatuzisikii. Paa linavuja sehemu moja, juu ya benchi la sita, na mwenyewe anajua, ameweka ndoo. Ndoo ilipojaa ikapitishwa mkono kwa mkono mpaka mlangoni ikamwagwa, ikarudi. Hakuna aliyeondoa macho kwenye runinga.

Kipindi cha pili mvua ikapungua. Hapo ndipo ng'ambo ya mtaro walipolipuka.

Nataka nilieleze hili polepole. Kwetu sisi mpira ulikuwa bado haujapigwa. Ng'ambo wakapiga "Goooli!" lile la banda zima, na kwa jinsi lilivyokuwa refu tulijua si la Sundowns. Wote tukasimama. Fundi cherehani aliyekuwa kulia kwangu alinikumbatia, mtu mzima wa miaka 50 na kitu, na sote wawili macho yako kwenye runinga tukisubiri goli letu lifike. Likafika: Aziz Ki wetu anapiga, kipa wao Ronwen Williams ameshapitwa, mpira unagonga mtambaa panya kwa chini, unadunda, unatoka. Tukaruka. Benchi la pili likavunjika mguu mmoja. Na ng'ambo, wakati sisi tunaruka, wao walikuwa wameshanyamaza.

Ukimya ule ndio tulioufuata. Tukamwona Aziz Ki ameinua mikono, Williams ameshika mpira, mwamuzi hajapuliza. Wa VAR, waamuzi wa video, wakaangalia. Mchezo ukaendelea. Kwa hiyo mimi usiku ule nilishangilia goli mara mbili, moja la masikio na moja la macho, na lote halikuhesabiwa. Hii ndiyo gharama ya sekunde nne, na katika kiingilio cha 1,500 haikuandikwa.

Mpira ukaisha 0-0. CAF hatua ile hakuna dakika 30 za nyongeza, moja kwa moja matuta. Na kila mtu mle ndani alijua golini kuna nani. Mwezi Februari tu, robo fainali ya AFCON, huyo Williams aliwazuilia Cape Verde penalti nne peke yake. Mzee wa kahawa alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akasema, "Hawa tulitakiwa tuwamalize mchana," ingawa ilikuwa saa tano usiku. Aziz Ki akakosa. Tukatolewa 3-2.

Hapa nakuja kwenye lalamiko langu la pili kwa mwenye banda, na naomba kama anasomewa haya amsikilize anayemsomea. Mechi imekwisha, watu wamekaa wanaangalia ardhi, kuna wengine mikono iko kichwani, na yeye ameshasimama na fimbo: "Haya haya, tupishane, watu wa Cairo wanaingia! Mnaobaki, buku nyingine!" Mzee wangu. Hata anayezika humpa mtu dakika ya kufuta udongo mikononi. Watu wakatoka. Mvua bado inanyesha. Na wote, wapata 30 hivi, tukajibanza kwenye kibaraza cha duka la fundi cherehani lililo ubavuni, fundi yuleyule, akafungua mlango akawasha taa.

Yaliyotokea kwenye kile kibaraza yamekaa zaidi ya saa moja na nusu, na kwa hesabu yangu ndiyo yaliyostahili ile 1,500.

Aliyeanza ni kijana wa bajaji. Alikuwa amekasirika, si na mwamuzi, na sisi. "Mnalia mwamba, mnalia VAR. Dakika 180! Dakika 180 hamjafunga goli, nyumbani hamjafunga, ugenini hamjafunga. Belouizdad tuliwapiga nne. Medeama tatu. Leo tunakuja kujisifu kwa suluhu?" Mtu akamjibu kwamba Belouizdad wale walikuja Dar, na sisi kwao tulipigwa tatu, mbona hilo halisemi. Akajibu kwamba ndiyo maana halisi, timu kubwa inafunga popote. Mwingine akaleta hoja ya Pacome kuwa majeruhi, kwamba bila yeye hakuna wa kumfungulia Aziz Ki njia, watu wawili wanamkaba mmoja. Hapo wengi wakaitikia. Kijana akasema timu ya kumtegemea mtu mmoja ni bajaji ya tairi moja, na yeye ndiye anayejua.

Upande wa pili ulikuwa wa wale waliotaka tutoke na vichwa juu, na msemaji wao alikuwa kondakta mmoja mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Hoja yake: dakika hizohizo 180, Sundowns nao hawajafunga. Wamepiga pasi zao zote, mpaka zile za nyumbani kwao, na Diarra ameondoka nyavu zake kavu. Mabeki wetu Bacca na Job wamecheza na washambuliaji wanaolipwa mshahara wa kununua Tandika nzima. "Nani Afrika hii amekwenda uwanja wao wa Loftus akatoka hajafungwa goli? Mtaje." Hakutajwa mtu pale pale, lakini sidhani kama hayupo, ilikuwa ni ile namna ya kuuliza inayomfanya mtu asahau jibu. Akasema kocha wetu Gamondi hakukosea kukaa nyuma, kwa sababu mpango ulikuwa goli moja la kushtukiza, na goli lilipatikana, likaibiwa.

"Halikupatikana," akasema fundi.

Kibaraza kizima kikamgeukia. Huyu ni Yanga wa kuzaliwa, jezi yake ya kijani ameishona mwenyewe. Na ndiye aliyenikumbatia.

Akaingia dukani akatoka na chaki, futi yake ya kupimia na helmeti ya bodaboda ambayo mteja aliiacha kama rehani ya suruali. Akapiga mstari sakafuni, akaupima: sentimeta 12, ndio mwisho wa upana wa mstari wa goli kwa sheria. Mpira, akasema, mzunguko wake ni sentimeta 68 mpaka 70, kwa hiyo ukiukata katikati upana wake ni kama 22. Helmeti ni kubwa kidogo, akasema, lakini itatuvusha. Akaiweka ng'ambo ya mstari, karibu kabisa, kiasi kwamba sehemu inayogusa sakafu imeshatoka kwenye chaki. Akaniita mimi, pengine kwa sababu nilikuwa kimya. "Dada, chuchumaa hapo mbele. Kati ya helmeti na mstari unaona nini?"

Nikachuchumaa. "Naona sakafu."

"Umeona nafasi?"

"Naona nafasi."

"Sasa simama uiangalie kutoka juu."

Nikasimama, nikainama juu yake. Nafasi haipo. Tumbo la helmeti limetokeza, limefunika ukingo wa chaki. Mpira unagusa chini kwa ncha tu, upana wake uko juu. Ili uwe umevuka wote, akasema, pale unapodundia pawe zaidi ya sentimeta 11 kutoka ukingo wa ndani wa mstari. Mpira unaweza kudunda ndani kabisa, kwenye majani, ukaona majani kati yake na chaki, na bado si goli. "Na kamera ile ilikuwa wapi? Haikuwa juu ya mwamba. Ilikuwa pembeni, juu kidogo. Inaona kama ulivyoona ulipochuchumaa."

Watu walipanga foleni kuchuchumaa. Nasema kweli, saa sita kasoro usiku, mvua, wanaume wa kanzu na wa jezi wanachuchumaa mmoja mmoja mbele ya helmeti, wanasimama, wanatikisa kichwa. Kondakta alichuchumaa mara tatu. Mara ya tatu akasema, "Fundi, helmeti yako ni ya Simba."

Kisha mtu akamkumbusha lile goli la Lampard wa Uingereza. Afrika Kusini hiyohiyo, Bloemfontein, 2010, Uingereza na Ujerumani, mpira unagonga mwamba, unadunda ndani wazi kabisa, mwamuzi anapeta. Baada ya aibu ile ndipo wakubwa wa soka walipokubali mitambo ya mstari wa goli, mwaka 2012. Na mitambo hiyo Pretoria haikuwepo, kulikuwa na VAR tu, yaani watu wenye kamera zilezile wanazotuonyesha sisi. Fundi akasema hapo ndipo hasira yake ilipo: kwamba robo fainali ya Afrika inaamuliwa kwa macho, na macho ya mwamuzi hayana tofauti na yake. Alipobanwa aseme moja, lilivuka au halikuvuka, alikunja futi yake taratibu. "Moyo wangu umevuka. Kuapa siapi."

Mimi nasema lilikuwa goli. Nilisema pale, nasema leo Idd imepita, helmeti nimeiona na nimeielewa na bado nasema lilikuwa goli.

Wa Simba walikuwepo watatu kibarazani, waliokataa kutoa buku ya pili, wakawa wanachungulia Cairo kwenye tundu la bati. Mmoja akatukaribisha kwa heshima zote: "Karibuni chamani. Orlando Pirates walitutoa kwa matuta 2022, hukohuko kwao. Mwaka jana Wydad, matuta. Nyie ndio mmeandikishwa darasa la kwanza, sisi tuko la tatu." Ilikuwa nzuri, hata mimi nilicheka. Kondakta hakumjibu kwa neno, alimwinulia kiganja kimoja chenye vidole vyote vitano, kumkumbusha 5-1 tuliyowafunga Novemba, na ubishi ukahama huko kwa dakika 20 ambazo sitaziandika, maana kuna watoto wanasoma. Asubuhi sokoni nikasikia nao wamefungwa 2-0. Tulipeana pole juu ya ndoo za dagaa, kila mtu na msiba wake.

Katika yote haya mzee wa kahawa alikuwa amejaza birika mara mbili. Nilimsogelea nikamwuliza kama hali ndivyo inavyokuwa kila mechi. Akaniambia kitu ambacho miaka yote nakwenda pale sikuwahi kukiwaza. Yanga au Simba wakishinda, anauza kidogo: watu wanapanda bodaboda, wanapiga honi, wanaondoka. Wakifungwa, hauzi kabisa, watu wanakwenda kulala. "Lakini timu ikitoka bila kushinda wala kushindwa, mwanangu, hakuna anayejua aende nyumbani na uso gani. Wanakaa. Suluhu ya ugenini ndiyo bora kuliko zote, kwa sababu hakuna aliyekuwepo uwanjani, kila mtu ameona kwenye kioo kilekile na kila mtu ameona lake." Usiku ule aliuza mpaka unga wa chini ya birika.

Nikimrudia mwenye banda: hebu ona fedha unazofukuza na fimbo yako. Acha watu wakae nusu saa. Weka meza, uza maji, uza mihogo. Wale wa Cairo wangeingia tu, wangeingia na kubishana nasi, na paa lako lingekuwa linatufunika badala ya kibaraza cha mtu mwingine asiyepata hata senti. Benchi lililovunjika limeshatengenezwa, nimepita jana nimeona, ameligongea ubao wa kreti ya soda na linayumba. Ndoo iko palepale chini ya tundu, kwa hiyo paa bado. Picha nayo bado inachelewa. Jumapili kulikuwa na mechi ya Ulaya, nilisimama mtaroni katikati ya mabanda mawili nikahesabu, moja, mbili, tatu, na nusu.

Kwa anayetaka kwenda: runinga nzuri, usalama upo, choo hakuna, benchi la tatu ukutani, njoo na mwavuli na usivae viatu vyeupe. Kahawa kunywa baada ya mpira, si kabla, kwa sababu nilizozieleza. Na njoo na chenji kamili. Tarehe 20 Aprili hii tuna watani wetu Simba kwa Mkapa, kiingilio ameshatangaza kitakuwa 1,500 tena. Mimi nitakwenda na buku moja mkononi. Jero yangu anayo.